Mke Niliyemnakili Kitabuni

Nilipata mke bila kujua, akaugua bila mimi kumwona, nikampoteza mbele ya kanisa zima kabla chai haijapoa, na yote hayo nilijitakia mwenyewe kwa kalamu yangu. Miaka imepita, nywele nazo zimeanza kuniacha, lakini hata leo nikiwa peke yangu jikoni nikaikumbuka siku ile huwa naweka kikombe chini na kusema kwa sauti, "Mutua, kwa nini hukunyamaza?" Halafu najikumbusha kwamba shida yangu ilikuwa kunyamaza, wala si kusema.

Nilikuwa mkutubi (pale sokoni waliniita mtu wa laibrari) katika maktaba ndogo ya chumba kimoja kule Mutomo, miaka ile ya themanini. Mimi ni wa Tawa, kwetu ukipiga chafya jirani anakuuliza umelalia wapi, kwa hivyo unaweza kufikiria nilivyojihisi nilipopelekwa mahali ambapo simjui mtu, joto kali, vumbi, na wageni wangu wa kila siku ni mbuzi waliokuja kulala kivulini kwenye baraza yangu wakaacha alama zao pale nilipokuwa nimetoka kufagia. Chumba cha kulala kilikuwa nyuma ya rafu za vitabu. Jumamosi jioni nilinunua sukari na mafuta ya taa dukani, kwa familia ya Waislamu waliotoka kaskazini mashariki, watu wapole sana, na mama wa lile duka akishaniambia "tutaonana inshallah" ndiyo basi, sisikii tena sauti ya mtu akiniambia neno mimi Mutua mpaka Jumatatu. Nilikuwa mpweke, tena mpweke wa kusoma kalenda.

Sasa, wakubwa wetu walikuwa wameanzisha huduma ya kujibu maswali kwa posta. Mtu aliye mbali anaandika swali lake, analituma, mimi natafuta vitabuni na kumjibu. Kazi nzuri, lakini ilikuwa na masharti. Jibu liandikwe kwenye fomu maalumu, unakili mistari michache tu, ukizidi sana ukurasa mmoja, na chini ya fomu kulikuwa na mstari ulioandikwa "Chanzo", hapo unajaza jina la mwandishi, jina la kitabu na ukurasa. Ukitaka kunakili zaidi ya hapo ni lazima kwanza umwandikie mwenye kitabu, akupe idhini kwa maandishi. Haya mambo ya hakimiliki niliyajua mpaka basi. Nilikuwa nimeyaandika kwa wino mwekundu nikabandika ukutani, na siku moja nilimnyang'anya mwalimu wa sekondari daftari lake kwa sababu alikuwa ananakili sura nzima ya jiografia, nikamhubiria dakika kumi kuhusu jasho la mtu mwingine. Yule mwalimu alinisikiliza tu akiwa ameshika kofia yake. (Popote alipo, naomba anisamehe.)

Barua ya kwanza kutoka Kanyangi ilikuja na mwandiko mzuri wa kulala upande mmoja. Aliyeandika alijitambulisha kama Mwalimu Ndanu, mwalimu wa darasa la ngumbaru, wale watu wazima wanaojifunza kusoma, na pia katibu wa kikundi cha akina mama wa kanisa lao. Kikundi kilikuwa kimepata mizinga sita ya kisasa, ile ya sanduku, lakini akina mama waliogopa hata kuikaribia. Kwetu Ukambani mizinga ni kazi ya wanaume tangu zamani, mwanamume ndiye anayepanda mtini kuitundika na ndiye anayepakua asali, mwanamke kazi yake ni kungoja chini na kibuyu. Swali la Ndanu lilikuwa: mwanamke anaweza kufuga nyuki kweli, na kama anaweza, anaanza wapi?

Nilikuwa na kitabu chenyewe. Kilikuwa chembamba, jalada la manjano, kimeandikwa na mzee mmoja wa upande wa Mwingi aliyeitwa Kasyoka, na kilieleza mambo kama mtu anayeongea nawe mkiwa mmekaa. Lakini kilikuwa na muhuri wa kutoazimwa, na nakala ilikuwa moja tu. Nikaketi kujibu, nikavuta droo, fomu zimeisha. Zilikuwa zimeisha tangu juma lililopita na sikuwa nimeagiza nyingine. Basi nikachukua karatasi ya kawaida, nikanakili ukurasa mmoja na nusu, na kwa sababu karatasi haikuwa na ule mstari wa chanzo wa kunikumbusha, na mfuko wa posta ulikuwa unakaribia kufungwa, nikatia sahihi yangu chini nikasema moyoni, jina la mwandishi nitaliandika barua ijayo. Hapo ndipo nilipoharibu.

Jibu lilirudi baada ya siku tisa. "Bwana Mutua," Ndanu aliandika, "wewe unaeleza vizuri kuliko wote waliowahi kuja kutufundisha. Niliwasomea akina mama maneno yako, wakaniomba nirudie. Tuandikie zaidi."

Maneno yako. Niliyasoma nikiwa nimesimama, nikayasoma tena nikiwa nimeketi. Nawaambieni ukweli, tangu nifike Mutomo hakuna aliyewahi kuniambia nimefanya jambo vizuri, na pale ndipo mtu mwenye akili angechukua kalamu na kuandika, "Dada, maneno si yangu, ni ya Mzee Kasyoka." Nilichukua kalamu kweli. Nikanakili sura ya pili yote.

Tukaendelea hivyo karibu mwaka mzima. Yeye anatuma swali, mimi namtumia sura. Sikuwahi kusema nimeandika mimi (hilo nililishikilia sana, kama mtu aliyeiba kuku akasema hakumla kichwa), lakini sikuwahi kusema sikuandika. Fomu mpya zilipofika niliziacha kwenye droo. Kila barua yake ilimalizika kwa "wasalimie wote wa nyumbani", nami nikajibu "wote ni wazima", na nyumbani kwenyewe tulikuwa mimi na mjusi mmoja. Mwanzoni aliandika kwa uchangamfu, alinieleza hata mvua ilivyokatiza darasa na akina mama wakajifunika slate zao za kuandikia kichwani. Baadaye barua zake zikawa fupi, za heshima, za kiofisi. Niliona mabadiliko nikadhani ni mimi nimekosa utamu, basi nikaongeza bidii ya kunakili. Kichwani mwangu Ndanu alikuwa ameshakuwa mtu wangu, ingawa sikuwa nimemwona. Nilipanga kwamba sura zikiisha nitamwandikia barua yangu mwenyewe, ya maneno yangu, na nilikuwa naogopa siku hiyo kwa sababu sikujua mimi mwenyewe naandikaje.

Kabla sijapata ushujaa, ukaja mwaliko. Kikundi kilikuwa kimevuna asali ya kwanza, na kingefanya sherehe kanisani Jumamosi. "Tafadhali usikose, mje nyote," Ndanu aliandika. Mje nyote! Nikasema watu wa Kanyangi wana adabu sana. Nikanyoa, nikaazima tai kwa karani wa posta, nikapiga viatu rangi mpaka mbuzi wakanishangaa, na njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema "hatimaye tumeonana" bila kutetemeka sauti.

Nilipofika, kanisa lilikuwa limejaa. Akina mama walinipokea kwa wimbo kutoka langoni, nikaingia nikicheza kidogo (siwezi kucheza, lakini ungefanyaje), na mbele nikaona viti viwili vimefunikwa vitambaa vyeupe. Nikadhani kimoja ni cha mchungaji. Msichana mrefu mwenye sweta ya kijani alikuja kunishika mkono, akasema, "Mimi ni Ndanu," na mimi nilisahau kila kitu nilichokuwa nimejifunza njiani. Nikasema, "Eee." Akatazama nyuma yangu, akatazama mlangoni, akaniuliza polepole, "Mama ako wapi?"

"Mama yuko Tawa," nikajibu. Mama yangu mzazi alikuwa Tawa kweli.

"Si mama yako. Mama Kalekye. Bibi yako."

Sikuelewa. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Mwende, mama mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akawa ameshafika na kunipa kijitabu. Kilikuwa kimepigwa kwa ile mashine ya stensili ya kanisa, kikashonwa kwa uzi wa gunia, na juu kiliandikwa "Ufugaji wa Nyuki, na Bw. Mutua wa Maktaba, Mutomo". Nakala zilikuwa mikononi mwa watu kila benchi, nyingine zimeshikwa kwa vidole vya asali. Mimi niliyemnyang'anya mwalimu wa watu daftari moja nilikuwa nimetoa kitabu kizima cha mtu bila jina lake, na hapo bado hata sijafikia habari ya mke. Nikafungua ukurasa ambao Mama Mwende alikuwa ameukunja pembe, nikasoma maneno niliyonakili kwa mkono wangu: "Mke wangu Kalekye ndiye aliyenifundisha kutotumia moshi mwingi. Hufungua mzinga mwenyewe, na nyuki wanamjua."

Nilikuwa nimenakili kila kitu. Kila nukta. Mke wa mtu nilimnakili pia, akiwa na jina lake, na kumbe alikuwa katika sura tano. Mtu akinakili kwa mapenzi hasomi anachoandika, hilo nimejifunza.

"Huyu ndiye tulikuwa tunamungoja," Mama Mwende akasema. "Wewe tunakushukuru, lakini usikasirike, ni yeye tulitaka kuona. Bwana yangu alikataa nisiguse mizinga. Nikamusomea hapa, nikamwambia, Kalekye wa Mutomo anafungua mwenyewe na bwana yake ni mtu wa serikali. Akanyamaza."

Ndanu alikuwa amesimama hapo, ananitazama. Nafasi yangu ya kusema ukweli ilikuwa imekuja na kusimama mbele yangu, na nilichokuwa nahitaji ni maneno mawili. Nikasema, "Ni mgonjwa."

Nilidhani yatakwisha hapo. Kwetu mtu akisema mgonjwa nyumbani watu husema pole, wanaendelea na chai. Nilisahau niko kwa watu wa kanisa. Mama Mwende alipanda mbele, akawaambia wote wasimame, akasema mwenzetu Kalekye aliyetutoa woga yuko kitandani Mutomo, na jumba zima likaanza kuomba kwa sauti, kila mtu na maombi yake, wengine wanalia machozi ya kweli, na mimi nimefumba macho katikati nikiombewa mke wa Mzee Kasyoka. Mama mmoja aliniuliza sikioni ni ugonjwa gani. Nikasema tumbo. Akauliza amekula nini. Nikasema hajala siku mbili. (Sijui nilitoa wapi siku mbili.) Akaondoka mbio, na maombi yalipoisha akawa amerudi na mwenzake, wamebeba unga wa wimbi na blanketi, wakasema wao wawili wataondoka nami, watamuuguza Kalekye mpaka apate nafuu, na wameshawaaga watoto.

Nikasema hakuna haja. Wakasema mwanamume hajui kumuuguza mtu wa tumbo. Nikasema chumba ni kidogo. Wakasema watalala sakafuni. Kila nilichosema walikuwa na jibu la ukarimu, na nilikuwa najiona nikifungua mlango wa Mutomo na hawa wanawake wawili nyuma yangu na blanketi, na ndani ni mjusi.

Lakini kilichonimaliza si hao. Ni Mama Mwende. Alishuka na chupa ya asali, ile ya kwanza kabisa ya mzinga wake, alikuwa hajaionja hata yeye, akanishikisha kwa mikono miwili. "Mupelekee," akasema. "Mwambie ni ya mtu aliyekuwa anaogopa."

Hapo nikaketi kwenye kile kiti cha pili, kile cha Kalekye, nikasema, "Sina mke."

Ikabidi nirudie, kwa sababu wa nyuma hawakusikia. Nikasema sina mke, sijawahi kuoa, sijawahi kufuga hata nyuki mmoja na kwa kweli nawaogopa, maneno yote ni ya kitabu cha Mzee Kasyoka wa Mwingi na Kalekye ni mke wake, mimi nilinakili tu na nikaacha jina lake nje. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, kisha benchi lake, kisha jumba zima, mpaka wale wawili wa blanketi wakakaa chini kucheka. Watu wawili tu hawakucheka. Mama Mwende aliniuliza, "Lakini huyo Kalekye ako? Ni mtu?"

"Yuko. Ni mtu kweli."

"Basi asali ni yake. Utamupelekea."

Mwingine ambaye hakucheka alikuwa Ndanu. Alinisindikiza mpaka barabarani kwa sababu ilimpasa, mimi nikiwa na chupa ya asali mkononi, na tukakaa pale tukisubiri gari. Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Ile stensili nilichapa mimi. Kila mtu hapa anajua ni mimi nilisema wewe ndiye umeandika. Sasa nimekuwa mwongo pamoja na wewe." Nikasema najua.

Baadaye akasema, akitazama upande wa gari linakotoka, "Barua zako za kwanza nilikuwa naweka chini ya mto. Halafu ikaja ile ya moshi, nikafika kwa mke wako. Nikasema, Ndanu, huyu ni bwana wa wenyewe. Nikaanza kukuandikia kama ofisi."

"Hakukuwa na mke," nikasema.

"Nimesikia. Kanisa lote limesikia." Akavuta mikono ya sweta mpaka vidoleni. "Mwezi wa nane wazee wa watu walileta kwetu mbuzi za ntheo. Nilikubali."

Ntheo, kwa asiyejua, ni zile mbuzi za kwanza za posa, na zikishapokelewa msichana ameshasemewa. Gari lilikuja. Nikapanda. Sikumbuki kitu kingine cha safari ile isipokuwa kwamba asali ilivuja kidogo kwenye tai ya karani wa posta.

Nilimwandikia Mzee Kasyoka kupitia wachapishaji wake, nikakiri kila kitu, nikamtumia na chupa kwa mtu aliyekuwa anaenda Mwingi. Wakubwa wangu nao niliwaandikia, wakanipa onyo la maandishi ambalo nilistahili. Mzee alichukua miezi miwili kujibu. Aliruhusu kikundi kiendelee kutumia kile kijitabu na hata kuongeza nakala, mradi jina lake lionekane juu na wasikiuze, na mwisho akaandika kwamba Kalekye ameonja ile asali na anasema mwenye mzinga alivuna mapema mno, asubiri siku kumi zaidi. Nikacheka peke yangu chumbani, nikakosa wa kumsomea.

Nikaandika vipande vya karatasi kwa mkono, kimoja kwa kila kijitabu, jina la mwandishi, jina la kitabu, na neno kwamba idhini imetolewa, vibandikwe juu ya jina langu. Nikavituma Kanyangi pamoja na ujumbe wa Kalekye kuhusu siku kumi. Barua ya kupokea ilirudi, mistari miwili, imeandikwa na katibu mpya, mtu wa herufi kubwa kubwa. Aliniambia vimefika, na kwamba Mwalimu Ndanu ameolewa amehama.

Tangu hapo sijawahi kujibu swali la mtu bila kujaza chanzo kwanza, hata kabla ya salamu, na vijana niliokuja kufanya nao kazi baadaye walinicheka kwa ukali wangu. Wao walidhani ule mstari umewekwa kumlinda mwenye kitabu. Mimi ningeujaza mara moja tu, ile siku nilipokosa fomu, Ndanu angefika kwa Kalekye akajua ni mke wa nani, akaendelea kusoma.